Mafuriko Waliyoinyima Chanzuru

Jumatano jioni, Kilosa. Baridi ya kipupwe, nami nawaka.

"Hakuna mahakama inayomlipa mtu fidia kwa kukosa mafuriko." Ndivyo alivyosema leo mchumi wa kampuni ya mkonge, na mahakama nzima ikacheka, hata wazee wa baraza wanaomshauri hakimu.

Hajui Chanzuru wanalimaje. Kule bondeni mto hufurika masika na kuacha tope jeusi. Maji yakishuka, watu hupanda mahindi kwenye tope hilo, nayo hukomaa kiangazi bila kungoja mvua. Mwaka huu kampuni imejenga tuta kando ya mto. Maji hayakufika. Bonde limepasuka kama kisigino, na familia zilizonipa kazi ya kukokotoa hasara yao hazina cha kuvuna.

"Mama, mshukuruni Mungu, mmeepushwa na gharika," mchumi huyo kijana alimwambia Bi Zaina, mkulima aliyefungua kesi.

"Mwanangu, ugali wako unaota wapi? Juu ya dari?"

Hakimu akamnyamazisha bibi. Yule kijana hakunyamazishwa.

Eti alilikagua bonde. Alikuwa Mikumi, akitazama tembo kwa gari la kampuni!

Baada ya kikao cha leo Bi Zaina alinipandisha juu ya tuta. Nikaanza kulitazama shamba lake lililokauka.

"Hilo umeshaliona. Twende mbele."

Mbele, kwenye ardhi ya kampuni, tuta lina mlango wa chuma. Masika waliufungua, mto ukaingia kwao. Hapo hawakupanda mkonge: mahindi yao yamesimama kijani, yamebeba, na chini yake tope lile lile jeusi.

Kumbe mafuriko yana thamani, ila yakiwa yao.

Ripoti yangu ya zamani nimeichana. Humo nilikisia mavuno kwa masimulizi ya wazee. Sasa kipimo changu ni shamba la kampuni yenyewe: kinachotoka kwao, eka kwa eka, ndicho kilichokosekana kwa Bi Zaina.

Nami nakiri, sitafuti haki tu. Nataka jasho limtoke yule mchumi mbele ya wale wale waliocheka.

Kwa hiyo nyinyi wazee wa baraza, kesho nitawaambia hivi: inukeni vitini, twendeni kwenye ule mlango kabla hawajavuna. Mchumi huyo atangulie. Avunje hindi moja la kampuni, amkabidhi Bi Zaina mkononi, kisha arudie, akimtazama usoni, kwamba mama huyu hakukosa kitu.