Kambale mapajani mwa mama mkwe

Waridi, kabla hujaweka samaki kwenye hilo boksi lako la kioo, soma hii. Bibi kanisimulia sasa hivi, sina mbavu!

Mwaka 1955, hapa hapa Ifakara, babu Melkiori alifuga kambale kwenye boksi la kioo sebuleni. Meza imara, mbali na jua. Kifuniko hakuna!

Mama mkwe wake kaja kusalimia. Enzi zile mkwe hatazamwi wala hasogelewi.

Kambale karuka. Puu! Mapajani mwa mama mkwe!

Babu kageukia ukuta. UKUTA, Waridi! Anamfokea kambale: "Huna adabu? Huyo ni mkwe!"

Mama mkwe, khanga usoni, akamsemesha babu kwa mara ya kwanza tangu ndoa:

"Baba, hata chungu cha mboga hufunikwa!"