Maji ya Mvivu

Jumamosi, 3 Agosti

Hakuna mmea uliowahi kufia mikononi mwangu. Nikipita tu, majani yanasimama wima kunisalimu.

Haya, humu ndani namdanganya nani? Nimeiua yote ya marehemu mke wangu, mmoja baada ya mwingine, tangu tumzike. Hata ule wa plastiki — niliuweka karibu na jiko, ukayeyuka.

Amebaki Mvivu. Jina alimpa mke wangu. Yuko kwenye kopo dirishani, shina nono kama goti la mtoto, na majani yake yote huyatoa wakati wa baridi, sisi wengine tukiwa tumejikunyata. Joto likija anayapukutisha, analala. Kinyume cha dunia nzima. Mke wangu alisema tumefanana.

Siku zake za mwisho hakuniambia nitaishije. Aliniambia habari za Mvivu. Baridi, mnyweshe. Joto, mwache, hata ukimwona kama maiti. Basi. Ndoa yote ile, wasia ukawa wa kopo.

Leo nimemnywesha. Nusu ya kikombe imeingia kwenye udongo, nusu kwenye soksi zangu. Mikono hii. Mimi niliyekuwa fundi saa, niliyefungua saa za wanawake zenye skrubu ndogo kama chawa!

Jumapili, 20 Oktoba

Joto limeanza. Majani ya Mvivu yamegeuka manjano. Nimempunguzia maji.

Binti yangu amekuja. Mimi humwita Meneja — kazini ana watu wa kuamrisha, amri zikibaki ananiletea mimi. Ameona vifungo vya shati langu vimekwenda upande. Nikamwambia huo ndio mtindo. Hakucheka. Kasema kile chumba cha nyuma nyumbani kwake amekipaka rangi. Hakusema ni cha nani. Nami sikuuliza, si mjinga kiasi hicho.

Jumapili, 15 Desemba

Mvivu amebaki kipara, tumekuwa wawili. Meneja kamtazama, kasema kimekufa, kavuta ndoo ya taka. Nikamwambia amelala. Akaniangalia kama unavyomwangalia mlevi anayeapa kuacha.

"Baba, kitu kikifa kinatupwa."

Macho yake yalikwenda kitandani, upande wa mama yake. Hakuwa amekusudia. Najua.

Mwisho tumewekeana sharti. Baridi ikirudi na Mvivu akatoa majani, hatanitajia tena habari ya kuhama. Asipotoa, nafungasha bila ubishi. Nimekubali upesi mpaka akashtuka. Namwibia kweupe! Mchezo huu najua unavyoisha.

Jumanne, 11 Februari

Joto. Simnyweshi. Nimesimama dirishani na kikombe cha maji mkononi, nikayanywa mwenyewe. Nikageuka kumwambia mtu kwamba nimeyanywa. Hakuna mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Homa imeniangusha, miguu ikagoma. Meneja ameomba ruhusa kazini, amehamia hapa. Analala kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia. Ananilisha, ananikaripia, ananigeuzia mto. Bomba la huku juu nalo limekauka, anashuka na jagi kuteka kwa jirani wa chini, mama fundi cherehani.

Asubuhi nilijifanya nimelala ili asiniulize najisikiaje. Nikamsikia anamsemesha mtu dirishani, taratibu, kama anayembembeleza. Nikadhani simu.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimesimama. Nikaenda kumjulia hali Mvivu. Udongo chepechepe. Kisahani cha chini ya kopo kimejaa maji.

Meneja alikuwa anafunga begi lake. Akasema bila kugeuka:

"Nilikuwa nampa kidogo kila asubuhi. Nataka ushinde, Baba."

Jamani. Chumba amepaka rangi, sharti kaliweka yeye — na anataka nishinde.

Aliyelala hanyweshwi. Ukimmiminia mtu uji usingizini humshibishi, anapaliwa. Maneno hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Yangemaliza ubishi palepale: mwenye kuharibu si mimi. Nikamwambia asante. Akanibusu kwenye kipara, akaenda zake. Nikamwaga maji ya kisahani, nikamsogeza Mvivu penye upepo. Huenda nimewahi.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikuwahi.

Baridi imeingia, nimetoa sweta. Nimembonyeza Mvivu: chini amekuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa. Juu bado mgumu. Anatoa harufu. Fundi cherehani alipanda kuniletea suruali, akanusa, akauliza kama nina panya amekufa ndani. Nikamwambia panya yupo mmoja, wa miguu miwili, na bado hajafa. Kwa kawaida hunirudishia maneno makali zaidi. Leo alimtazama Mvivu, akashuka kimya.

Jumamosi, 3 Mei

Meneja anakuja kesho. Kwenye simu sauti yake ilikuwa nyepesi, kama alipokuwa mdogo. Ameuliza kama jani limeshachungulia. Nimesema njoo uone.

Uozo unapanda. Dawa ni moja tu: kumkata juu ya uozo, penye ugumu, kwa wembe mkali, halafu kipande kikauke kabla ya kupandwa upya. Nimeshika wembe. Nimejikata kidole, Mvivu sikumgusa. Nikamwita fundi cherehani.

Kaja na wembe wake wa kufumulia mishono. Kauliza kama hii ndiyo posa, maana amengoja mpaka ameota mvi. Nikamwambia hakuna anayeposa mbele ya maiti. Akakata. Nyeusi. Akakata tena. Kahawia. Akaendelea hivyo, kama anayepunguza pindo la suruali, mkono hautikisiki hata kidogo. Nilimwonea wivu mpaka macho yakaniwasha. Kilichobaki safi ni kidogo kama kidole gumba. Tumekilaza juu ya gazeti. Hiki hakitoi jani kesho. Pengine hakitoi kabisa.

Akafuta wembe, akasema anajua nani amefanya hivi. Mwanangu alikuwa akishuka na jagi, anamwambia maji haya ni ya mmea wa mama. Yeye alidhani mimi ndiye niliyemtuma.

"Mwambie ukweli, mzee. Ubaki kwako."

Nimefikiria. Kweli nimefikiria, sijioneshi wema hapa. Nimeangalia dirisha langu, meza yangu yenye mikwaruzo ya bisibisi, ule upande wa kitanda. Sentensi moja, na nabaki navyo vyote. Na yeye anabaki na yake: kwamba kitu cha mwisho cha mama yake alikizamisha kwa mkono wake, asubuhi baada ya asubuhi, huku akikibembeleza.

Kile chumba cha nyuma, Meneja alisema kina dirisha. Linatazama wapi, hata sikuuliza.

Naandika hapa, fundi bado amekaa, anamalizia chai yangu na kunikazia macho. Mwaka juzi, mikono ikiwa bado yangu, nilimtengenezea gurudumu la cherehani. Akasema nina fadhila kwake, siku yoyote nije niidai. Nimemwambia siku ndiyo leo.

"Vifunge hivi vipande vyeusi kwenye vitambaa vyako, ukavitupe kwako, asivione. Kesho atapita mlangoni pako kwanza. Akikuuliza, mwambie yeye alipoondoka tu, mzee hakumpa Mvivu tena hata tone. Mwambie amekufa kwa kiu."