Jua la Saa Tisa Usiku

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Ukungu mpaka saa nne. Kalamu ya mashine imechora mstari mnyoofu, jua limenyamaza. Nimebadili karatasi, nimeongeza maji ya betri, nimeteremka kilima mbio kufundisha Kidato cha Pili. Mwaka wa tano huu, kila siku ya Mungu. Redio yangu haisikilizi watu, inasikiliza jua. Walimu wenzangu wananitania: eti jua limesemaje leo? Wacheke. Makala yetu iko kwa wachapaji. Profesa aliyeniletea mashine kutoka Ulaya aliniandikia kwa mkono wake: majina mawili, lake halafu langu.

Alhamisi, 9 Septemba
Baba kauliza tena. Hata shikamoo hajaiitikia vizuri, keshauliza kitabu kimefika? Ana haki. Nyaya zangu zimepita katikati ya shamba lake la juu, aling'oa mibuni yake mwenyewe ili nguzo zisimame. Majirani wakachimba mashimo kwa msaragambo, siku mbili, bila ujira. Aliwaambia jina la ukoo litasomwa Ulaya.

Jumamosi, 2 Oktoba
Jarida lenye makala yetu limekuja, na basi la kutoka Mombo. Nimelifungua palepale stendi. Jina moja. La Profesa. Nimepekua kurasa zote. Mwishoni kabisa, shukrani kwa “msaidizi wa huko”. Msaidizi! Michoro yangu, hesabu zangu, miguu yangu iliyopanda kilima kile kwa mvua na jua. Nimemwambia mke wangu peke yake. Akasema pole, akaniwekea chai. Kwa Baba sijaenda.

Jumapili, 3 Oktoba
Nimesoma upya, nimecheka kama mwendawazimu. Ule mlipuko mkubwa wa jua niliuandika saa tatu na dakika kumi. Saa tatu yetu ya asubuhi, jua limeshapanda. Ukurasa wa kwanza wa kila daftari nimeeleza: hapa twahesabu saa tangu alfajiri, ongeza sita upate saa zenu. Hakusoma. Kachapa saa tatu ya kwao. Yaani mimi nilisikiliza jua saa tisa usiku! Makala nzima imepotoka hivyo. Kachukua changu na hata kukisoma hajui.

Ninyamaze aumbuke? Natamani. Lakini nikinyamaza, kazi yangu ya miaka mitano inaoza pamoja naye.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimeandika barua. Nimeeleza kosa, nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Nimedai mambo mawili: sahihisha, na jina langu liwekwe. Sikumwita Mheshimiwa.

Ijumaa, 12 Novemba
Jibu. Mistari minne. Anashukuru. Masahihisho yatachapwa na jina langu litatajwa. Alhamdulillahi! Nimekwenda mbio kwa Baba nikamwambia jina liko njiani. Kachinja jogoo, kaita majirani wote wa msaragambo. Nimekula mapaja yote mawili.

Jumatano, 8 Machi 1972
Masahihisho yamefika. Aya moja tu. Naiandika hapa kwa Kiswahili nisije nikajidanganya kwamba niliota: “Saa zote zilizotajwa zimekosewa kwa saa sita. Kosa lilifanywa na msaidizi wa huko, A. Shemhilu, asiyejua kutumia saa ya kawaida.”

Jina langu. Herufi zote sahihi.

Mwizi yule. Mwizi, na mwongo juu yake. Ya kawaida kwa nani? Nimefundisha vipindi vinne bila kuketi na sijui nilifundisha nini. Kilimani sijapanda. Mara ya kwanza tangu tusimamishe nguzo.

Alhamisi, 9 Machi
Sikupanda.

Jumapili, 12 Machi
Mkuu wa shule alimwambia Baba kwamba jarida limefika na jina langu limo. Leo asubuhi Baba kaja mwenyewe kwa miguu, kavaa kanzu ya Idi. Kiingereza hajui. Herufi anazijua, kajifunza darasa la watu wazima juzijuzi tu. Akauliza, “Liko wapi?” Nikamwonyesha. Akaweka kidole, akalisoma taratibu, kipande kwa kipande, kisha mara ya pili bila kusita. Machozi yalimlengalenga.

Akauliza hayo maneno mengine yanasemaje. Nikamwambia yanaeleza habari za saa. Akasema vizuri, saa ni jambo kubwa.

Aliomba ule ukurasa akawaonyeshe waliochimba mashimo. Nimeuchana nikampa. Kaukunja, kautia mfukoni, kateremka. Mke wangu alikuwa mlangoni, akanitazama.