Kiganja Kwenye Chuma cha Shangazi Zoriana

Mwaka umetimia, Shangazi Zoriana, tangu ulipotutoka, na tunaanza na habari njema: kazi yako ya ukutani haijaguswa na mkono wa mtu. Mlinzi ni mimi, na mimi si mtu wa kulilia vyuma.

Unakumbuka ilivyoingia sebuleni? Mabamba ya tanuri lililovunjwa, umeyakata, umeyakunja, umeyasugua kwa msasa hadi yanang'aa kama mto Dnipro asubuhi ya baridi. Bibi Paraska, mama yako, alisema ni radieta iliyofeli mtihani. Jirani akauliza hasa ni kitu gani. Ukamjibu, "Ni chuma. Kwani wewe ni nini?" Akakaa kuitazama mpaka chai yake ikapoa.

Vanishi uliikataa. Ulitaka chuma kibaki uchi, kipate nta kidogo tu, na yeyote aliyekisogelea ulimpigia kelele kutoka jikoni avae glavu. Jasho la mkono, ulisema, huleta kutu.

Tunajivunia mikono yako, Shangazi. Majira yale ya vita, umeme ulipokuwa ukikatika mji wetu mzima wa Zaporizhzhia, uliacha maonyesho ukachomelea majiko ya kuni, mengine ya wanajeshi, mengine ya wazee wa jengo letu. Malipo hukutaka, basi ukaletewa chupa za nyanya zilizochachuliwa mpaka Levko, mumeo, akakosa pa kuweka viatu. Kila mlango wa jiko uliuongezea mkunjo mmoja usio na kazi yoyote. Ulipoulizwa wa nini, ulisema anayeota moto naye anahitaji kitu cha kutazama.

Bado tunakuona: sweta limetobolewa na cheche, mfukoni mkate na kipande cha mafuta ya nguruwe, kitunguu saumu kikitangulia kutusalimia kabla yako.

Siku uliyofariki, Bibi alifunika vioo vyote, kama ilivyo desturi yetu ya msiba, na chuma chako nacho akakitupia shuka, maana kinaonyesha sura kuliko kioo cha bafuni. Siku arubaini zilipopita vioo vikafunuliwa. Chuma Bibi akasema kingoje mwaka.

Na mwaka ulipotimia, Kyiv ikakuita. Bi Myroslava wa jumba la sanaa alikuja mwenyewe kuichukua kazi yako, ikatundikwe peke yake kwenye ukuta mzima. Tulikula uji wa ngano na asali wa kumbukumbu yako, glasi yako ikiwa mezani na mkate juu yake, kisha Levko akavuta shuka.

Upande wa chini palikuwa na alama ya kiganja. Kizima, vidole vyote, rangi ya kutu.

Bi Myroslava akasema kwa upole kwamba kitasuguliwa, na doa likigoma kutoka, huenda kazi isitundikwe. Mimi, kama mlinzi, nikamtaja papo hapo fundi aliyekuja kutuwekea vioo vya madirisha baada ya mlipuko. Mikono yake, nikaeleza, ni mizito sana.

Bibi alisogea mbele ya chuma, akainama kuvitazama vile vidole.

"Msasa usiguse hapo," akasema. "Zoriana aliogopa mikono ya watu wasiomjua. Huu unamjua. Kiende hivyo hivyo, au kibaki kwangu."

Bi Myroslava alikitazama tena, akavaa glavu, akasema kitakwenda hivyo hivyo. Kwa hiyo, Shangazi, uko Kyiv, ukuta mzima ni wako, na sisi huku tunatembea vifua mbele.

Wanaokukumbuka ni mama yako Paraska, mumeo Levko, kaka yako Ostap, na mlinzi wa chuma. Siku zote utakuwa nasi.

Bibi amesoma haya akiwa nyuma ya bega langu, na hakubali yaende gazetini bila maneno yake:

"Andika jina lako, Nazar. Kile kidole cha mwisho kwenye chuma kimepinda kama chako ulichovunja golini. Na kila ulipoinua shuka ukamsimulia shangazi yako habari za siku huku unafuta macho, mimi nilikuwa jikoni."