Pole Zako Zimeletwa Kwangu

Mwanangu Hanne,

Ujumbe wako nimeupata. Niliusoma jikoni, kisha nikaurudia dirishani kwenye mwanga, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. "Mama, habari. Baba yangu alifariki mwezi uliopita. Usijali, niko sawa. Nimesharudi kazini. Wasalimie wote."

Wasalimie wote! Mtu na akili zake amtangaza babake kama atangazaye bei ya mchele, kisha aniambia nisijali.

Nikakupigia, hukupokea. Nikakupigia tena, ukaniandikia kwamba wenzako wa kazini wamekuletea maua na kadi, washukuru sana ila wahitaji muda wa kuwa peke yako. Basi nakuandikia barua, nikutumie picha yake kwa simu, maana barua haikatwi mtu akiwa katikati ya maneno. Keti uisome yote. Nimekasirika, na wanijua nikikasirika huwa sifupishi.

Hilo la "peke yangu" ndilo lililotugombanisha tangu wiki ya kwanza, ulipotoka kwenu Denmark kuja kukaa nasi hapa Mji wa Kale ujifunze Kiswahili. Ukimaliza kula, waingia chumbani, wafunga mlango. Mimi na mume wangu, Baba Fahmi, twabaki kutazamana: tumemkosea nini mtoto wa watu? Nikagonga. "Hanne, waumwa?" "Hapana, Mama." "Kuna mtu kakuudhi?" "Hapana, Mama, nataka tu kuwa peke yangu." Nikamtuma Baba Fahmi naye akagonge, labda waona haya kuniambia mimi. Sikujua kwamba huko kwenu mtu hujifungia bila ugonjwa wala hasira.

Nawe ulikuwa na yako ya kulalamikia. Majirani wakikuuliza, "Hanne, waenda wapi?" wewe wasimama kichochoroni waeleza safari nzima, wanunua nini Makadara, utarudi kwa njia gani, kisha waja kwangu umenuna: "Mama, kwa nini wananipeleleza?" Nikakwambia hiyo ni salamu tu, sema "hapo mbele" ujipitie. Ukaniambia huo ni uongo. Na Bi Zuhura wa nyumba inayotukabili alipokwambia "karibu" mkono wake ukiwa sahanini, kwa adabu tu, ukavua viatu, ukaketi, ukammalizia samaki. Kwangu mimi, wali vijiko viwili, "nimeshiba, asante." Asante ya chumvi, asante ya maji, asante ya taulo. Nilikwambia mara ngapi kwamba mtoto hamshukuru mamake kwa kikombe cha maji? Ukajibu, "Asante, Mama, nimeelewa."

Lakini hayo ni mchezo. Ninalotaka kukukumbusha ni msiba wa Baba Fahmi.

Alianguka karakanani kwake, amepiga magoti nyuma ya friji la mteja, na kufikia alasiri tulikuwa tumeshamzika. Mwanetu Fahmi yuko Doha, hakuwahi mazishi. Mimi nikaingia eda. Mjane hatoki nje mpaka muda wake uishe, kwa hiyo watu ndio waliokuja kwangu. Uliwaona. Mikeka ukumbini, vikombe havikauki, kina mama wanalala walipoketi. Siku ya nne, wageni walipopungua kidogo, nikakwambia neno moja tu kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa karibu: "Kichwa chaniuma, mwanangu. Nimechoka."

Mtoto wa hapa angeniletea dawa ya kichwa na chai. Wewe ukanishika mkono, ukanilaza, ukafunga dirisha, ukafunga mlango wa chumba, ukachukua kiti ukaenda kuketi mlango wa nje. Kila aliyepiga hodi ukamwambia, "Mama amelala. Asanteni kwa kuja. Rudini wiki ijayo."

Wiki ijayo, Hanne! Kama kwa daktari wa meno!

Bi Zuhura, na sufuria lake la uji wa moto, ukamgeuza. Na wifi yangu, dadake marehemu, mwanamke aliyetoka Lamu kwa basi, ameshuka Mwembe Tayari na kilio chake kifuani, hajaingia hata ndani ya nyumba alimotolewa nduguye, naye ukamwambia arudi wiki ijayo.

Niliamka magharibi. Nyumba kimya, nikadhani kumezuka janga jingine.

"Watu wako wapi?"

"Nimewaambia waende," ukanijibu, uso umekunjuka. "Umelala vizuri, Mama?"

Nadhani kelele zangu zilifika barabarani. Ukaanza kulia. "Kwetu," ukasema, "mtu akifiwa, wanaompenda wanamwacha apumzike."

"Na kwetu wakimwacha, ni kama wamemzika na yeye!"

Ningekuwa huru ningekwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Lakini mimi wa kukaa ndani, mwanangu yuko ng'ambo. Nani wa kutumwa ila wewe? Nikakufunza maneno pale pale mlangoni: nimekosa, nisameheni, mama awaita. Ukanitazama kana kwamba nakupeleka vitani. Ukaenda.

Yaliyotokea nilihadithiwa baadaye na Bi Zuhura. Wifi yangu alikuwa ukumbini kwake, ameshaapa kurudi Lamu kwa basi la asubuhi na asitie mguu kwangu tena. Ukaingia, yote niliyokufunza ukayasahau, ukasimama katikati ya watu ukasema, "Mimi sijui msiba. Nifundisheni msiba." Kisha wifi, na ukali wake wote ule, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio, akakuvuta ukaketi mkekani ubavuni mwake. "Huyu hajafiwa bado," akawaambia wenziwe. "Msimlaumu." Akaja nawe mpaka kwangu amekushika mkono, na wengine nyuma yenu.

Jambo moja sikukwambia. Jioni ile, kabla sijapiga kelele, nilikuwa nimelala usingizi mzito, wa kwanza tangu tumzike. Hilo nalikubali, na lisikupe kiburi.

Basi ulifunzwa. Ulikaa nasi mpaka eda ikaisha. Ulijua mtu akinipa pole ya "makiwa" namjibu "tunayo", ukawa wewe ndiwe uwafunguliaye wageni. Leo zamu yako imefika, waniandikia habari ya maua na kadi kutoka kwa wenzako wa kazini. Ua litakupikia uji? Kadi itakushika bega? Najua, ndivyo mlivyo, na watu wako wanakupenda kwa namna yao. Najua. Lakini naudhika, Hanne, naudhika kweli, kwa kuwa nakuona huko jioni umefunga mlango, na mimi siko hata nikugongee.

Habari yako nilimwambia Bi Zuhura peke yake. Kufikia alasiri walikuwa wamejaa. Wakatandika mikeka wenyewe, wakaketi, wakaniambia mimi, "Makiwa." Nikajibu, "Tunayo." Ningesema nini? Wifi akapiga simu kutoka Lamu akilia. "Nani yuko naye?" akaniuliza. Nikamwambia umekwenda kazini. Akanikatia simu.

Ndipo Bi Zuhura akaniuliza, "Huyo babake akiitwa nani? Tumtaje."

Nikalitafuta jina, sikulipata. Ulinionyesha picha yake, mwanamume mwenye ndevu nyekundu amesimama kwenye theluji anacheka, nikasema mashallah. Miezi yote ile ulikuwa ukisema "baba yangu", nami nikisema "babako". Wewe hukunitajia, mimi sikuuliza. Wanawake wote wale wamenikodolea macho, wamekuja kwa ajili ya mtu, na mwenye msiba hamjui jina.

Kwa hiyo huo muda wako wa kuwa peke yako umekwisha. Kesho bado watakuja, na baada ya alasiri nitakupigia, simu niiweke katikati ya mkeka. Pokea. Ukitaka kulia, lia, hakuna atakayekuharakisha. Ila uanze na jina lake.

Mamako wa Mombasa