Wagonjwa Wote Wamepona

Geita, 4 Machi 2024

Baba,
Shikamoo. Mimi mzima, uuguzi unaendelea. Mama hajambo? Ng'ombe wanapata malisho?

Naona haya kukuuliza hili, na simu yenu inasikilizwa na nyumba nzima, ndiyo maana naandika. Yule daktari aliyekupasua njia ya mkojo ilipoziba ameandika juu ya upasuaji wake kwenye jarida kubwa la magonjwa ya mkojo. Madaktari wa nchi nyingi wanaufuata, na hapa hospitali tunaandaa sherehe. Ameandika kwamba wagonjwa wote wamepona. Lakini Krismasi nilikuona ukienda nyuma ya zizi, ukikawia mno. Umepona?

Binti yako,
Limi

Mhunze, 19 Machi 2024

Limi mwanangu,
Marahaba. Wazima, ila mvua chache na mtama umedumaa.

Nani amekutuma? Njia iliziba tena mwaka juzi. Nilimpigia daktari huyo nikamweleza mwenyewe, akasema nivumilie. Leo unaniuliza wewe, unayefanya kazi chini yake. Unauliza kama binti yangu au kama mtu wake? Kama ni mtu wake, mwambie mgonjwa wake Bujiku amepona.

Baba yako

Geita, 2 Aprili 2024

Baba,
Shikamoo, na pole kwa maumivu. Nauliza kama binti yako.

Nilimweleza daktari. Hakukasirika. Alisema wazee husahau, kisha akaniuliza taratibu, "Baba yako anaishi wapi siku hizi?" Sikumtajia kijiji. Kesho yake nilihamishwa wodi.

Mwanza kuna daktari kijana, Disha, anawapasua watu kwa njia hiyo hiyo kwa kuliamini jarida. Nataka kuwaandikia wahariri wa jarida hilo. Watahitaji jina lako. Unakubali?

Binti yako,
Limi

Mhunze, 30 Juni 2024

Limi,
Marahaba. Mama yako amenigombeza kwa kukaa kimya.

Barua yako ilipofika, nyuma yake alikuja Sostenes, dereva wa hospitali yenu, na sukari na sabuni. Alitaka kurekodi sauti yangu nikisema nimepona. Nikajiuliza ni nani kamwonyesha nyumba, nikakushuku wewe. Sukari nilimrudishia.

Juzi nimekutana na Mabula, niliyelazwa naye. Sostenes alifika kwake pia, naye akakubali kurekodiwa, wakati njia yake imeziba kama yangu. Mabula wewe humjui. Basi si wewe uliyemtuma.

Andika jina langu.

Baba yako

Geita, 11 Septemba 2024

Baba,
Shikamoo. Mmeamkaje huko?

Wahariri wametangaza kwamba matokeo yale yasitegemewe mpaka yachunguzwe. Disha amesimamisha upasuaji huo na anataka kuwaona. Mimi sina kazi tena. Ijumaa nakuja kuwachukua, wewe na Mzee Mabula.

Binti yako,
Limi

Mwanza, 20 Novemba 2024

Limi mwanangu,
Pole na kutafuta kazi huko Shinyanga. Mimi naendelea vizuri.

Disha amenipasua upya na mkojo unatoka. Sasa naye analiandikia jarida lile lile, habari zetu sisi tulioziba tena. Nilimwambia asizitume kabla hajanisomea. Alinisomea kwa Kiswahili, taratibu. Alipofika kwangu akasema, "Huyu amepona."

Nikamwambia, "Futa. Andika kwamba leo anakojoa vizuri. Mwakani uje uniulize tena."

Amefuta. Nilisimama pale pale mpaka akamaliza.

Baba yako