Misa ya Titi la Kushoto

3 Machi

Mwanangu mwalimu,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi sijambo, ila ni sijambo ya mdomoni tu. Nakuandikia kwa sababu simu bado imekufa tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya hamira.

Mwanangu, naogopa. Nina kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Nilikuficha, unisamehe. Hospitali wamenipiga picha, wakanipa karatasi ya Kiingereza. Sikuelewa kitu ila neno moja, maana lipo kwenye ubao wa kanisa kila Jumapili: “mass”. Misa! Wamepima titi, wakaandika misa. Waliniambia nirudi Alhamisi nichomwe sindano ya kutoa kipande cha kupima, lakini sindano ya nini kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa misa yake? Sikwenda. Gauni jeupe la kuzikiwa nimelipiga pasi, nyimbo nimeshachagua. Usimwambie kaka yako, atapiga kelele.

Mama yako


8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wewe ndiye unayeniua. Darasa zima limeniona nikilia na chaki mkononi.

Hakuna daktari anayemwandikia mtu misa! Hayo ni maneno mawili yasiyo ndugu, yamefanana herufi tu. La kanisani limetoka kwenye neno la Kilatini la kutuma: ibada ikiisha, watu wanaambiwa nendeni. La hospitali asili yake ni Wagiriki wa kale, kwenye kukanda unga. Kwao lilikuwa donge la shayiri, na kutokana na donge hilo Waingereza wanauita hivyohivyo hata umati wa watu. Karatasi inasema una donge. Haisemi ni donge gani. Sindano ndiyo itakayosema. Nenda, Mama. Nakupigia magoti.

Mwanao, kitindamimba


14 Machi

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa machozi. Hujambo sasa? Barua yako niliisoma nikacheka, halafu nikaogopa kuliko mwanzo. Donge nalijua, miaka ishirini na sita nalikanda. Lenye hamira ukiliacha kwenye joto linaumuka. Na langu nimeliacha tangu Desemba, chini ya nguo, kwenye joto. Leo nimekanda nikiwaza hilo tu mpaka mikate ikatoka imepinda. Mteja mmoja akauliza, “Mama Mikate, siku hizi unaoka viatu?”

Kesho nakwenda. Niombee.

Mama yako


25 Machi

Mama,

Shikamoo. Siku kumi na moja kimya. Ulikwenda? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hujambo? Nilikwenda. Nilishika rozari mpaka ikaniachia alama kiganjani. Leo wamenipa majibu dirishani, ndiyo hayo ndani ya bahasha. Sijaifungua. Daktari nitamwona tarehe kumi na mbili, na siwezi kulala chumba kimoja na karatasi hiyo. Kiingereza changu umeshakiona. Soma wewe. Kama ni mabaya, usinizungushe na salamu. Andika “Mama, nakuja”, basi, nitaelewa. Kama ni mema, nisalimie kama nilivyokulea, usiruke mtu.

Mama yako


5 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi mno. Hujambo? Umeamkaje? Miguu ya kusimama mbele ya tanuri haijambo? Kaka hajambo? Padre hajambo? Jirani anayegonga ukuta ukianza kuimba, hajambo? Na yule mteja wa viatu? Mimi sijambo, Mama, sijambo kabisa, ila karatasi imelowa na wino umetawanyika.

Si saratani. Wameandika “benign”, neno ambalo kwa Kilatini lilikuwa la upole: donge lisilo na nia mbaya. Kama litatolewa au litaachwa, daktari atakueleza, kwa hiyo tarehe kumi na mbili usikose. Lile gauni jeupe livae siku hiyo.

Tutakwenda pamoja. Mama, nakuja. Usishtuke: hata neno hilo lina maana mbili.

Mwanao, kitindamimba